Njia ya Kuuendea Udaktari

Mara nyingi jamaa zetu wa Chuno, na wa Mikindani, na wale wavukao kwa mashua kutoka Msangamkuu, hutujia sisi walimu wakatuuliza, “Mtoto wangu ataka kuwa daktari, je, nimpeleke chuo gani?” Swali hilo ni jema, nasi hufurahi kuulizwa. Lakini kwa kawaida huulizwa wakati mtoto amekwisha maliza kidato cha nne, au hata cha sita, na matokeo ya mtihani yamo mkononi. Wakati huo jambo lililo kubwa limekwisha kukatwa. Mlango wa chuo cha udaktari hufunguliwa au hufungwa mapema sana, mwanafunzi angali na umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, siku ile aulizwapo shuleni ni masomo gani atakayoendelea nayo na ni yapi atakayoyaacha. Basi leo twapenda kuieleza njia hii tangu mwanzo wake, ili mzazi na mtoto waione yote kabla ya kuanza safari.

Kwanza na tuelewane juu ya neno lenyewe. Huku kwetu kila mtu avaaye koti jeupe katika zahanati huitwa daktari, akiwa muuguzi, akiwa tabibu, au akiwa mtu wa kupima damu. Hatuwalaumu wagonjwa, maana mwenye homa hana nafasi ya kuuliza vyeo. Lakini daktari tunayemtaja hapa ni yule aliyesoma chuo kikuu muda wa miaka mitano akapata shahada ya udaktari, kisha akafanya kazi mwaka mmoja katika hospitali kubwa chini ya uangalizi wa madaktari wakongwe, na baada ya hayo akaandikwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. (Jina la Tanganyika limesalia humo hata leo.) Ukiongeza miaka sita ya sekondari kabla ya chuo, utaona ya kuwa mtoto aliyemaliza shule ya msingi mwaka huu ana miaka kumi na miwili mbele yake.

Zamani njia hiyo ilikuwa ndefu zaidi, kwa kuwa nchi yetu haikuwa na chuo chake. Mtanganyika aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, Uganda, ambako elimu ya uganga ilianza kufundishwa mwaka wa 1924 karibu na hospitali ya Mulago. Mmoja wa waliosoma huko ni Dakta Vedasto Kyaruzi. Huku kusini, wazee wa Masasi na Newala wamkumbuka Dakta Leader Stirling, Mwingereza aliyekuja mwaka wa 1935, akafanya kazi Lulindi miaka mingi, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Chuo chetu wenyewe kilianzishwa Dar es Salaam mwaka wa 1963. Mwaka wa 1968 kikawa kitivo cha chuo kikuu, mwaka wa 1991 kikawa chuo kishiriki, na mwaka wa 2007 kikapata kuwa chuo kikuu kamili, nacho ndicho Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Leo viko na vingine: Mwanza katika hospitali ya Bugando, Moshi katika hospitali ya KCMC, Dodoma, Mbeya, Ifakara, Unguja, na vya watu binafsi huko Dar es Salaam. Vyote hivyo viko mbali na Mtwara, na kilicho karibu ni safari ya kilometa zipatazo 560.

Sasa tuutazame mlango wenyewe. Chuo cha udaktari humtaka mwombaji aliyemaliza kidato cha sita awe amefaulu masomo matatu, yaani fizikia, kemia na biolojia. Na tahasusi ya masomo hayo ndiyo iitwayo PCB. Kufaulu tu hakutoshi. Katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo watu huiita TCU, kiasi cha chini kilichozoeleka ni daraja la C katika kemia, C katika biolojia, na D katika fizikia. Kwa kuwa A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3 na D pointi 2, jumla yake ni pointi 8. Hicho ni kiasi cha kuruhusiwa kuomba, wala si ahadi ya kupata nafasi. Waombaji wa udaktari ni wengi kupita viti vilivyopo, nao huchukuliwa kuanzia walio juu. Mwenye pointi 8 asimame mlangoni akijua ya kuwa mbele yake wako wenye 12 na 13. Tena mwongozo huo hutolewa upya kila mwaka, hivyo ni wajibu wa mwombaji kuusoma wa mwaka wake, asitegemee aliyoambiwa na kaka yake.

Angalieni, basi, jinsi mambo yanavyofungamana. Ili usome PCB kidato cha tano, lazima uwe umefaulu vizuri masomo hayo matatu katika kidato cha nne. Ili uyafaulu kidato cha nne, lazima uwe umeyasoma kidato cha tatu. Na katika utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi, mwanafunzi akiisha fanya mtihani wa kidato cha pili huachiwa achague kuendelea na fizikia na kemia au kuziacha. Mtaala uliorekebishwa, ulioanza mwaka wa 2024, umebadili mambo kadha wa kadha, nao mzazi auulize shuleni kwa mtoto wake. Lakini neno moja halikubadilika: aiachaye fizikia ameuacha udaktari, ajue asijue.

Wengi hushangaa. Husema, biolojia twaifahamu, maana ni habari za mwili. Kemia nayo ni habari za dawa. Lakini fizikia ya nini kwa mganga? Jibu ni kwamba mwili wa mtu nao hufuata kanuni zile zile za maji katika bomba na hewa katika mvukuto. Damu husukumwa kwa nguvu, na nguvu hiyo hupimwa kwa milimita za zebaki. Kifua kikipanuka, kani ya hewa ndani ya mapafu hupungua, ndipo hewa ya nje huingia. Picha ya mfupa uliovunjika hupigwa kwa miali aliyoivumbua Röntgen wa Ujerumani mwaka wa 1895, na mtoto aliye tumboni hutazamwa kwa mwangwi wa sauti iliyo nyembamba mno hata sikio halisikii. Daktari asiyejua kanuni hizi ataiamini mashine hata inapokosea.

Na hesabu pia. Tutoe mfano mmoja. Mtoto wa kilo 12 ana homa. Dawa ya parasetamoli kwa watoto hupimwa kwa uzito, tuseme miligramu 15 kwa kila kilo. Basi huyu atahitaji miligramu 180. Lakini dawa ya maji iliyo mezani ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Apewe mililita ngapi? Jibu ni 7 na nusu. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulipata akitulia. Lakini muuguzi au daktari hulitafuta saa nane za usiku, mama analia kando yake. (Hesabu hii ni ya mfano tu, wala si ruhusa ya kumpimia mtoto dawa nyumbani.) Ndiyo maana wasomao PCB hufundishwa na hisabati tumizi, ijapokuwa haimo katika yale masomo matatu.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu. Miaka kadha iliyopita, kabla hatujaja kufundisha katika chuo cha ualimu, tulikuwa tukifundisha shule moja ya sekondari ambayo haikuwa na mwalimu wa fizikia; aliyekuwapo alihamishwa, na wa badala yake hakuja. Alikuwapo msichana mmoja wa Chuno, mwenye bidii, ambaye mama yake aliuza samaki wa kukaanga. Alipofika kidato cha tatu alitujia akatuuliza aendelee na fizikia au aiache. Nasi tulimjibu, “Mwanangu, iache; utapata sifuri bure, ikuharibie cheti.” Tulidhani twamhurumia. Kidato cha nne alipata B katika biolojia na B katika kemia. Ndipo alipotuletea fomu ya kuchagua tahasusi, akauliza mbona PCB hawezi kuipata. Tulinyamaza. Hakuwa amewahi kutuambia ya kuwa ataka udaktari, wala sisi hatukuwa tumemwuliza.

Kwa sababu hiyo twawaambia walimu wenzetu: kabla ya kumshauri mtoto aache somo, mwulize ataka kuwa nani, na umweleze ni milango gani itakayofungwa. Na kwa mwanafunzi aliye katika shule isiyo na mwalimu wa fizikia, msaada upo, japo wataka miguu. Mtwara ina vyuo vya ualimu, na ndani yake wamo vijana wajifunzao kufundisha sayansi, ambao hukubali kwa furaha kuwakusanya wanafunzi watano au sita siku ya Jumamosi. Jambo la kuangalia zaidi ni majaribio. Mtihani wa taifa una karatasi ya vitendo, na mtoto aliyesoma habari za pendulamu kitabuni bila kuitundika na kuhesabu mabembeo yake hutetemeka mkono siku ya mtihani. Uzi, jiwe na saa vyapatikana kila nyumba. Kumbukeni pia ya kuwa masomo haya, mtihani wake, na chuo kikuu baadaye, vyote ni kwa Kiingereza. Tumeona vijana waijuao biolojia vyema kwa Kiswahili wakaikosa kwa kutofahamu swali.

Mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi wa Mei, na matokeo hutoka kwa kawaida mwezi wa Julai. Toka hapo mambo huenda mbio, na kijana asiyejiandaa huachwa. Tangu mwaka wa 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja kwa chuo akitakacho, wala hayapitishi kwa Tume kama ilivyokuwa tangu mwaka wa 2010. Aweza kuomba vyuo zaidi ya kimoja, na kila kimoja kina ada yake ya maombi. Maombi hupokewa kwa awamu, na waliochaguliwa katika vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri waletewayo katika simu. Asiyethibitisha kwa wakati uliowekwa aweza kuipoteza nafasi.

Maombi yote hufanywa kwa njia ya intaneti, na wengi wetu huku huyafanyia katika maduka ya steshenari. Sisi hatuna ugomvi na vijana wa steshenari, wamewasaidia wengi. Ila twajua kisa cha kijana aliyejaziwa fomu kwa namba ya simu ya mwenye duka, ili kazi iende upesi. Namba ya siri ikaja katika simu ile, mwenye duka akaidhani ni matangazo, akaifuta. Basi jaza namba yako mwenyewe, na neno la siri uliandike katika daftari nyumbani. Wale wanaoitwa kambini JKT kwa mujibu wa sheria, ambao huwapo huko katikati ya mwaka, waache nyumbani mtu wanayemwamini, mwenye nakala za vyeti na fedha za ada, maana kambini si mahali pa kutafuta mtandao.

Na vyeti vyenyewe! Hapa ndipo watoto wa pwani waumizwapo zaidi. Cheti cha kuzaliwa chasema Hadija Saidi. Cheti cha kidato cha nne chasema Khadija Said. Kitambulisho cha taifa kina jina la babu lisilokuwamo kwingine kote. Mama ajua ni mtoto mmoja, lakini ofisi hazijui. Majina yakitofautiana hutakiwa kiapo mbele ya wakili au hakimu, na wakati mwingine marekebisho ambayo huchukua majuma mengi. Yafaa vyeti vyote viwekwe mezani na kulinganishwa mtoto angali kidato cha tatu au cha nne. Asiye na cheti cha kuzaliwa akitafute sasa.

Tumekuja kwenye fedha. Miaka mitano ya udaktari ni mzigo ambao jamaa nyingi haziwezi kuubeba peke yao, na kwa ajili hiyo iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka wa 2005. Bodi hiyo hukopesha, haigawi. Mkopo hulipwa mtu aanzapo kazi. Maombi yake ni mbali na maombi ya chuo, na mtu aweza kupata chuo akakosa mkopo kwa sababu ya karatasi tu. Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Aliyefiwa na mzazi hutakiwa cheti cha kifo kilichohakikiwa vivyo hivyo. Tena hutakiwa mdhamini, na sahihi za serikali ya mtaa au kijiji. Twasisitiza habari ya cheti cha kifo, kwa kuwa huku vijijini mtu huzikwa na kuombolezwa kwa heshima zote pasipo mtu kwenda kuandikisha, na yatima akawa hana la kuonyesha. Liko pia fungu la ufadhili lililoanza mwaka wa masomo wa 2022/2023 kwa jina la Rais Samia, kwa waliofaulu sana sayansi katika kidato cha sita. Hilo ni zawadi wala si deni.

Hata hivyo zipo gharama zitanguliazo mkopo: ada za maombi, viapo, picha, nauli, godoro. Na tazama zinavyoangukia. Ada za maombi hutakiwa mwezi wa Julai na Agosti, ambapo fedha za korosho za mwaka uliopita zimekwisha zamani, na minada ya mwaka mpya haijafunguliwa hata mwezi wa Oktoba. Mkulima wa korosho mwenye mtoto kidato cha sita aziweke kando fedha hizo mapema, wakati magunia yangali ghalani, kabla pikipiki na mabati havijazila. Tena safari yenyewe ianze mapema. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka wa 2003 hatungoji tena kivuko cha Rufiji, lakini mwezi wa Mei mwaka wa 2024 mvua ziliikata barabara ya Dar es Salaam, abiria wakalala njiani.

Iko njia ya pili, ambayo twaona haisifiwi kwa kadiri inayostahili. Ni njia ya utabibu. Kijana aliyefaulu kidato cha nne, akiwa na kufaulu katika kemia, biolojia na fizikia, aweza kuingia chuo cha matabibu na kupata stashahada kwa miaka mitatu. Na chuo cha namna hiyo kipo hapa hapa Mtwara. Akimaliza ana kazi mkononi, aweza kutibu katika zahanati. Na akiwa na wastani wa B, yaani 3.0, pamoja na cheti chake cha kidato cha nne chenye D au zaidi katika fizikia, kemia, biolojia, hisabati na Kiingereza, aweza kuomba shahada ya udaktari. Wako wasemao njia hii ni ya walioshindwa. Sisi hatukubali. Aliyekwisha kuzalisha wajawazito usiku kwa taa ya simu huingia chuo kikuu akijua kwa nini amekuja. Lakini oneni: fizikia imo hata humo.

Juu ya kusoma nchi za nje tutasema machache. Wapo mawakala wapitao wakiwaahidi wazazi nafasi za udaktari ng'ambo bila kuuliza pointi. Kabla ya kuuza shamba, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo hicho kinatambuliwa, na Baraza la Madaktari ni nini litakalotakiwa mtoto arudipo. Vita vilipoanza Ukraine mwaka wa 2022, wanafunzi wetu waliokuwa wakisomea udaktari huko walilazimika kukimbia, masomo yakiwa nusu.

Yule msichana wa Chuno hakukata tamaa, wala hakutulaumu, ingawa alikuwa na haki. Mwaka uliofuata alisoma fizikia kila Jumamosi na kijana mmoja wa chuo cha ualimu, akaufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata C. Akaingia utabibu, akamaliza kwa wastani wa 3.6, akapangiwa zahanati upande wa mto Ruvuma, ambako wagonjwa wenye hali mbaya husafirishwa mpaka hospitali ya Ligula. Amekaa huko miaka miwili. Mwezi uliopita alikuja kwetu na bahasha yake ya vyeti, kwa kuwa mwaka huu anaomba udaktari. Tuliwasha taa, tukavitandaza vyote mezani, tukasoma majina herufi kwa herufi, yeye akitaja na sisi tukifuatisha kwa kidole. Katika stashahada jina la baba lilikosa herufi moja. Asubuhi yake, kabla ya basi la kurudi Ruvuma, alipita kwa wakili.